BAISKELI NA NJIA YA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Homa Bay. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni.)



Tumeombwa na halmashauri tuseme juu ya safari ya kwenda kazini kwa baiskeli kutoka Lambwe, mwaka mzima, jua na mvua. Tumekubali, kwa kuwa jambo hili twalijua kwa miguu. Tulisoma shule ya msingi ya misheni tu, lakini huko tulifundishwa kuhesabu. Basi mtatuvumilia tukitia hesabu kidogo, maana bila hesabu maneno ya mfanya kazi huitwa manung'uniko.

Kwanza mjue sisi ni nani. Reli yenyewe haijafika upande huu. Iliingia Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, ikakomea majini, na baadaye ukingo huu wa ziwa ukahudumiwa kwa meli na magati. Sisi wachache wa reli tulio huku twatazama gati, ghala na mali iliyo ukingoni, na mara nyingine twaitwa Kisumu kusaidia. Kwetu ni Lambwe, bondeni, kati ya vilima vya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa. Wengine wetu wako upande wa Ogongo, wengine ndani zaidi, karibu na mbuga ya Ruma. Na njiani twafuatana na waashi, walinzi wa maduka, wapishi wa shule, wauguzi wa zahanati na vibarua wa barabara. Alfajiri ukisimama kando ya njia utaona taa zikipita moja moja, na nyingine hazina taa, wasikia mnyororo tu. Wote hao ni watu wa kazi. Kwa hiyo tukisema "sisi" leo, hatusemi wa reli peke yao.

Sasa hesabu. Tuchukue mtu aliye kilomita 25 kutoka kazini. Wako walio karibu kuliko huyo na wako walio mbali zaidi, lakini 25 ni hesabu ya haki. Kwenda na kurudi ni kilomita 50. Siku sita za juma ni 300. Akifanya kazi majuma 48 katika mwaka ni kilomita 14,400. Sisi watu wa reli twapenda kupima kwa njia ya chuma. Reli ilipofika Kisumu kutoka Mombasa ilikuwa imetandikwa kiasi cha maili 580, yaani zaidi ya kilomita 900. Basi mtu wetu wa baiskeli, kila majuma matatu na siku moja hivi, hupiga pedali kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Na kwa mwaka huenda na kurudi mara saba, na bado ana masalio. Injini ikifanya kazi hiyo huingizwa karakana, hufunguliwa, hutiwa mafuta, huandikwa katika kitabu. Mtu huyu huulizwa kwa nini amechelewa dakika kumi.

Tuhesabu na masaa. Katika njia kavu, mtu mzima mwenye baiskeli nzito huenda kilomita 15 kwa saa. Kilomita 25 ni saa moja na dakika 40. Kwenda na kurudi ni saa tatu na dakika 20, na kwa siku sita ni masaa 20 kamili. Amri ya jumla ya mishahara katika Kenya huhesabu juma la kazi kuwa masaa 52 yaliyogawanywa katika siku sita. Ongeza 20, yawa 72. Masaa hayo 20 si ya kulala, si ya shamba, si ya watoto, wala si ya kanisa. Ni ya tajiri, ila hayaandikwi popote.

Watu wasiopanda hudhani baiskeli ni mchezo wa kupata hewa safi. Basi tuwaeleze mwaka wa Lambwe ulivyo.

Masika yashika mwezi wa Machi mpaka Mei, na vuli huja Oktoba mpaka Desemba. Udongo wa bondeni ni mweusi, ule unaoshika kama gundi. Barabara kuu ya Homa Bay kwenda Mbita siku hizi ina lami, na twashukuru kwa hilo. Lakini nani kati yetu amejenga juu ya lami? Kutoka nyumbani mpaka lami ni njia za ng'ombe, na hapo ndipo siku huharibika. Udongo huingia kati ya tairi na madigadi, gurudumu hukataa kuzunguka. Washuka, wautoa kwa kijiti, wasukuma hatua ishirini, umejaa tena. Mwishowe wainua baiskeli begani. Wazee hucheka wakisema kwamba katika masika si mtu anayepanda baiskeli, ni baiskeli inayompanda mtu. Wenye akili hufungua madigadi mwezi wa Machi na kuyatundika ukutani mpaka Juni. Mgongo huchafuka, lakini gurudumu hupita. Kisha ufike kazini umelowa, una matope mpaka masikioni, hakuna pa kunawa, na karani akutazama kama mtu aliyelala mtaroni.

Mwezi wa Januari na Februari udongo ule ule hukauka na kupasuka nyufa za kumeza gurudumu la mbele. Vumbi huingia mnyororoni na kuula kama tupa. Na miiba ya migunga iko hapo hapo. Twakata mpira wa ndani uliozeeka, twautandika ndani ya tairi juu ya mpira mzima, na hivyo miiba mifupi haifiki. Ile mirefu hufika. Kila mmoja wetu amewahi kujaza tairi kwa majani makavu na kwenda nayo ikilia kama godoro, kwa kuwa viraka vilikwisha na mji ulikuwa bado mbali.

Halafu giza. Huko Ulaya majira ya joto huleta mapambazuko mapema, wakapumzika na taa miezi kadha wa kadha. Sisi tuko karibu sana na Ikweta: jua latoka karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, Januari na Julai hazipishani sana. Mwenye kuanza kazi saa moja asubuhi huondoka nyumbani saa kumi na moja, apate nafasi ya kuziba pancha. Basi saa moja na nusu ya safari yake ni gizani, kila siku ya kazi, hakuna mwezi wa kupumzika. Madereva wa malori wajua barabara, lakini hawatujui sisi. Pikipiki nazo huja mbili sambamba. Kwa hiyo twasema wazi: mtu asiye na taa ya nyuma, hata kioo chekundu cha kurudisha mwanga, anajitafutia kifo. Tutarudi kwenye taa.

Kuna msaada mmoja ambao Mungu ametupa, nao ni upepo. Wavuvi waujua vizuri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto, na alasiri upepo hutoka ziwani kuja bara. Mtu wa Lambwe afanyaye kazi Homa Bay huenda ziwani asubuhi na kurudi bara jioni; basi siku nyingi upepo humsukuma mgongoni kwenda na kurudi, isipokuwa pale vilima vinapouzungusha. Lakini mwenye zamu ya usiku mambo yake ni kinyume. Huondoka nyumbani alasiri upepo wa ziwa ukimpiga kifuani, na asubuhi akirudi amechoka, upepo wa nchi kavu umekwisha kugeuka nao wampiga kifuani tena. Tukiomba nyongeza ya zamu ya usiku, matajiri hudhani twasema habari ya usingizi peke yake. Waambieni na upepo.

Na alasiri hiyo hiyo ndipo mvua ya radi huja. Ukiona wingu limekuwa jeusi juu ya vilima, shuka, weka baiskeli mbali nawe, wala usijifiche chini ya mti ulio peke yake. Kuchelewa chakula cha jioni si kitu.

Sasa tuseme juu ya mbung'o, ambaye kwetu huitwa maugo, kwa sababu habari yake ni ya Lambwe hasa. Wazee wanakumbuka jinsi ng'ombe walivyokwisha kwa nagana na watu wakahama. Mwaka 1980 malale yalizuka tena bondeni, watu wakaugua na wengine wakafa, na katika miaka iliyofuata ndege zilinyunyiza dawa juu ya vichaka. Tena tunafurahi kusema kwamba mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma, baada ya zaidi ya miaka kumi bila mwenyeji kuambukizwa. Hiyo ni kazi kubwa, na wenyeji wa bonde hili waliishiriki. Lakini mbung'o mwenyewe hajahama. Yungali vichakani, ng'ombe bado wanaugua, na akikuuma waruka kutoka kitini.

Twakumbuka hapa kwamba katika nchi ya mbung'o mnyama wa kubeba mzigo hana maisha. Punda hudhoofika, maksai hulala chini. Baiskeli haishiki nagana. Pengine ndiyo sababu babu zetu waliipenda ndiga zao mno hata wakazivalisha vitambaa. Mgeni aliona majivuno. Wao walikuwa wamepata mnyama asiyekufa.

Sasa sikilizeni jambo la ovaroli. Wataalamu wa wadudu wamejua tangu zamani kwamba mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, tena hufuata kitu kinachokwenda. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Waendao mbugani Ruma wameiona. Na kituo cha ICIPE, kinachochunguza wadudu, kiko hapo Mbita. Si mbali kwenda kuuliza. Basi tazameni nguo zetu za kazi. Ni za rangi gani? Buluu. Na baiskeli je? Nyeusi. Mfanya kazi wa Lambwe ni mtego unaotembea, ila mtego hauumwi. Tajiri mmoja wa hapa mjini alipoelezwa hayo na watu wake alicheka akasema rangi ni alama ya kampuni. Sisi twaona kaki ingefaa, na bei yake si tofauti ya kugombania. Wanachama wavue ovaroli njiani na kuivaa kazini. Lakini anayefanya hivyo lazima awe na nguo ya pili, na pahali pa kubadilishia.

Ndugu mmoja alituuliza kabla ya mkutano: "Mbona msipande bodaboda?" Ni swali la haki. Jina lenyewe lilitoka kwa baiskeli, kule Busia, watu walipochukuliwa kwenye karia kutoka mpaka mmoja kwenda mpaka wa pili. Pikipiki ilirithi jina na abiria. Lakini pikipiki ya kilomita 25 kwenda na 25 kurudi, kila siku, yala mshahara wa kibarua mpaka mfupa. Pikipiki yafaa siku ya mgonjwa. Baiskeli yafaa siku zote nyingine, na ikiwa nzima mtu aweza kurudi na gunia la mahindi au debe la omena wala asilipe mtu nauli. Kati ya mwaka 1986 na 1989 serikali ilipunguza ushuru wa baiskeli zitokazo nje kutoka asilimia 80 mpaka asilimia 20, na nyumba nyingi zikapata kuinunua ile nzito, Black Mamba, ambayo kabla ya hapo ilikuwa mali ya karani na mwalimu. Basi hatusemi baiskeli ni adui. Twaipenda. Tunachokataa ni mtu asiyepanda kutusifia afya yake ili asilipe.

Mwingine aliuliza: "Mbona msihamie mjini?" Hapo ametia kidole penye kidonda. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri kumpa mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu yake, kwa gharama ya mwajiri, au kumlipa pesa za kutosha kodi juu ya mshahara. Maneno ni mazuri. Lakini sheria hiyo hiyo yaacha mlango: kama mkataba umesema kwamba mshahara umekwisha kuingiza kodi ya nyumba ndani yake, basi yamekwisha. Na wengi wetu ndivyo tulivyotia sahihi. Pesa ya nyumba iliyomo ndani ya mshahara ni kama sukari ndani ya chai ya watu wengi: waambiwa imo. Mtu hupiga hesabu, aona kodi ya chumba kimoja mjini, na chakula cha kununua, na watoto wake wako shule bondeni, na shamba litalimwa na nani. Aamua kulala kwake na kulipa kodi kwa miguu. Hiyo ndiyo nyumba tajiri aliyoiokoa. Na jambo hili si jipya. Wenzetu wa Mombasa mwaka 1939 waligoma kwa habari hiyo hiyo ya posho ya nyumba na mishahara, mpaka serikali ya siku zile ikaunda tume ya kuchunguza hali ya kazi mjini.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni ajali.

Mwaka juzi kibarua mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni moja ya ujenzi, aligongwa na lori kabla ya mapambazuko. Mguu ukavunjika juu ya goti. Kampuni ilikuwa na gari la kuwachukua vibarua asubuhi, lakini lilizunguka mjini tu, bondeni halikufika. Alipodai fidia aliambiwa: hukuwa kazini, ulikuwa njiani. Mkewe akaenda mwenyewe ofisini akauliza, "Kama hakuwa kazini, alikuwa akienda wapi saa kumi na moja na chakula cha mchana kwenye karia?" Hakujibiwa. Mtu yule sasa huuza mkaa akiwa ameketi.

Twaliuliza jambo hili kwa watu wajuao sheria, na jibu ni hili. Sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, yahesabu safari kuwa sehemu ya kazi pale mfanya kazi anapochukuliwa bure kwenda au kutoka kazini, kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo, likiendeshwa na mwajiri mwenyewe au mtu wake. Angalieni vizuri. Waliokuwa ndani ya gari la kampuni asubuhi ile wangeumia, wangekuwa kazini. Jirani yetu alikuwa akienda mahali pale pale, saa zile zile, kwa baiskeli aliyoinunua kwa pesa zake, akimpunguzia tajiri mafuta na kiti; naye hakuwa kazini. Aliyemgharimu tajiri zaidi analindwa. Asiyemgharimu kitu ameachwa.

Je, ni lazima iwe hivyo? Tazameni ng'ambo ya ziwa. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanya kazi, ya mwaka 2000, yasema kwamba mtu akiumia katika safari ya moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo yahesabiwa kuwa ya kazi. Haiulizi kama alikuwa ndani ya gari au juu ya baiskeli. Ni juu ya mfanya kazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja: ukipitia kwenye pombe umejitoa mwenyewe, na sisi twaona ni haki. Maji ni yale yale, samaki ni yule yule, lakini mfupa wa mtu una bei nyingine kila upande wa mpaka.

Na jambo hili laenda mbali zaidi ya Uganda. Ujerumani wamelihesabu hivyo tangu mwaka 1925. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 121 wa mwaka 1964, lazitaka nchi zilizoukubali kueleza katika sheria zao ni lini ajali ya njiani ni ajali ya kazi. Na Ubelgiji wamekwenda mbele tena: tangu Mei mwaka 2023, kwa mapatano ya vyama vya wafanya kazi na waajiri wa nchi nzima, mfanya kazi wa kampuni aendaye kazini kwa baiskeli mara kwa mara hulipwa kwa kila kilomita. Hatusemi kesho tutalipwa kwa kilomita; Lambwe si Brussels, na lami yao yaanza mlangoni. Twasema tu kwamba masaa yale 20 yamepata kuonekana na watu mahali fulani, yakaandikwa, yakalipwa. Kwa hiyo yaweza kuonekana.

Sheria ya nchi hubadilishwa Bungeni, na hilo ni la wakubwa wa chama na la miaka. Lakini mapatano yetu na waajiri hujadiliwa hapa karibu, na hakuna sheria inayomkataza mwajiri kukubali zaidi ya ile ya chini. Basi tumeiomba halmashauri ipeleke maneno haya kwenye meza. Mfanya kazi akiumia katika njia yake ya moja kwa moja ya kwenda au kutoka kazini ahesabiwe yu kazini, au mwajiri amkatie bima ya safari hiyo. Posho ya nyumba iandikwe peke yake kwenye karatasi ya mshahara, ionekane kwa macho. Pawe na banda la baiskeli lenye paa na kufuli, na bomba la maji, na kamba ya kuanikia nguo. Haya ni mabati machache na msumari. Katika miezi ya masika mtu wa mbali asikatwe mshahara kwa kuchelewa nusu saa, bali aifidie jioni au siku nyingine. Na ovaroli ziwe za kaki kwa wale wa bondeni.

Kuna wanachama watakaosema tumeomba mengi. Labda. Kama mwajiri akisema tuchague moja tu, sisi wa Lambwe twachagua ile ya kwanza. Matope tumeyazoea, na banda twaweza kulijenga wenyewe Jumamosi moja. Mguu uliovunjika hatuwezi kuujenga. Mtakaokwenda mezani msikubali kuuza ya kwanza ili mpate ile ya bomba la maji, maana twajua mazungumzo haya yanavyokwenda kufikia jioni, watu wakiwa na njaa.

Tusisahau akina mama. Wako wauguzi na wafagiaji kutoka bondeni ambao huja kwa miguu mpaka lami, kisha wanaomba gari. Baadhi wangependa baiskeli lakini huona haya, au nyumbani wanakatazwa. Sisi hatuoni kama ni neno la haya mtu kufika kazini. Mwenye dada au mke anayetaka kujifunza, uwanja wa shule uko wazi Jumapili alasiri.

Sasa taa, kama tulivyosema. Taa ya dainamo ni nzuri kwa kuwa haili betri, lakini ukisimama hufa, na ukisimama ndipo lori hukujia. Kwa hiyo nyuma weka kioo chekundu hata kama una taa, na uifute matope kila asubuhi kwa kidole kilicholowa. Kioo chenye udongo ni sawa na hakuna. Valia kitu cheupe juu. Breki: katika mvua mpira wa breki huteleza juu ya rimu, basi anza kufunga mapema, kwa kugusagusa, hasa mteremkoni. Mnyororo upakwe mafuta mepesi kidogo baada ya kupanguswa, si oili chafu ya injini iliyo nene. Ile hukamata vumbi ikawa msasa. Spoki moja ikikatika usingoje ya pili. Na beringi za gurudumu la nyuma zifunguliwe na kutiwa grisi mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa vuli, maana maji ya matope huingia humo na kukaa. Sisi wa reli twajua: beringi ikikauka haipigi kelele siku ya kwanza.

Mwisho ni habari ya karatasi. Katibu ana karatasi zenye mistari. Kila mwanachama anayekuja kwa baiskeli au kwa miguu aandike kijiji chake, kilomita zake, saa anayoondoka nyumbani na saa anayofika, na kama amewahi kuumia njiani, ni lini na alipoteza siku ngapi za kazi. Asiyejua kuandika aketi na mwenziwe. Msiongeze kilomita. Mwajiri atatuma mtu kupima, na akikuta mmoja amedanganya ataziweka kando karatasi zote. Zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa halmashauri yakutana juma la kwanza la mwezi ujao, nayo yataka majina si chini ya nusu ya tawi.

Fundi wa baiskeli aliye chini ya mti nje ya lango amekubali kutazama breki za wanachama leo bila malipo mpaka jua lichwe. Vipuri ni juu ya mwenyewe. Wenye zamu ya saa kumi na mbili na watangulie.